Mtoto Aliyelishwa Chakula cha Wafu

Kijiko kikishachomekwa wima katikati ya bakuli la wali, watu wote hutoka nje, hufunga mlango na kuupa mgongo, maana wafu hawapendi kutazamwa wakila. Ndivyo walivyofanya watu wa Bonde la Baekgol tangu enzi na enzi, na hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ilianza siku ambayo waliyemfungia mlango alikuwa mtoto aliye hai, na Bongsun, akiwa amesimama nje kwenye baridi, akamsikia anatafuna.

Wenzake walijifanya viziwi. Wazee wa watu wamesimama na kofia zao nyeusi, mikono wameificha ndani ya kanzu, macho mbele, kama hakuna kitu. Lakini Bongsun ndiye aliyeupika wali ule. Alijua kwamba mle ndani kuna jino la mbele linalolegea, kwa hiyo samaki alikuwa analiwa kwa upande mmoja. Mzimu gani huo, jamani, wenye jino la utoto?

Kisha Mzee Tak, mkuu wa tambiko, akakohoa kama desturi inavyotaka, kumjulisha marehemu kwamba watu wanaingia. Mlango ukafunguliwa. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu cha mababu, miguu inaning'inia, taji jembamba la chuma limembana kipaji cha uso. Akafungua kinywa, ikatoka sauti isiyokuwa yake.

Haikuwa nzito wala ya kunguruma, usidhani. Ilikuwa sauti ya kila mtu. Mzee wa kushoto aliisikia kama ya babu yake. Wa kulia aliisikia kama ya mama mkwe wake, akatetemeka. Bongsun alisikia ndani yake namna mwanawe Seokju alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kusema, na Seokju alikwisha kuzikwa. Sauti ikaamuru vijiji vigawane maji, na watu wazima wenye ndevu zao wakaanguka kifudifudi.

Hayo yalikuwa majira ya kuchipua. Taji lilipovuliwa, mtoto alimtazama Bongsun, aliyemlea tangu siku ya kwanza, akamwuliza yeye ni nani. Hakumjua mpaka mpunga ulipokwisha kupandwa.

*

Sikilizeni walivyofikia hapo, msije mkadhani watu wale walikuwa wendawazimu.

Siku hizo mvua ilikuwa mgeni. Miji mikubwa ya Korea ilikwisha kuhamwa, na waliobaki walirudi kwenye mabonde ya mababu zao, wakalima mpunga kwa maji ya bwawa moja. Maji machache, midomo mingi, kinachofuata unakijua. Nani angewaamua? Kila nyumba ilikuwa na wafu wake kwenye vibao vya sauti, kitu cha kawaida siku hizo kama sufuria: maneno yote aliyopata kuyasema mtu yanahifadhiwa, na siku ya tambiko lake kibao kinasema. Ila wafu nao, lo, ni wabishi kuliko walio hai! Wafu wa Kijiji cha Juu walisema bwawa ni lao kwa sababu liko kwao. Wafu wa Kijiji cha Chini walisema lilichimbwa kwa jasho lao. Watu wakauana huku na huku, wote wakiwa na baraka za babu zao. Seokju aliuawa kwa jembe langoni mwa bwawa, na aliyelishika jembe hakujulikana, ila alitoka Chini.

Ndipo wazee wakasema, tumtafute babu aliye wa wote. Mwasisi mwenyewe, aliyeanzisha taifa, yule ambaye baba yake alishuka kutoka mbinguni na mama yake alikuwa dubu kabla hajawa mtu. Hakuacha kibao wala mfupa. Mafundi wakachukua sauti za wafu wote wa bonde, wakazichuja: kilichokuwa cha mmoja kikatupwa, kilichokuwa cha wote kikabaki. Wakaifanyia damu vivyo hivyo. Mabaki ya sauti wakayatia kwenye taji, na mabaki ya damu wakayatia kwenye yai la kioo, ambalo miezi yake ilipotimia lilitoa mtoto analia. Taji peke yake hakuna aliyelitii. Watu walisema hiyo ni redio. Lilipovishwa kichwani mwa mtoto, walisujudu. Tangu siku hiyo hakuuawa mtu langoni, na hilo ni jambo kubwa, tusilifanyie mzaha.

Bongsun, kwa kuwa mume wake marehemu alikuwa wa nyumba kuu ya ukoo, ndiye aliyekabidhiwa jiko la matambiko na mtoto pia. Aliambiwa amwite Babu Mkuu. Mtoto akafundishwa kumwita yeye, mwanamke wa miaka sitini na ushee, mjukuu wangu. Wazee walisimama wakihakikisha. Walipoondoka, Bongsun alimwita Gamja, yaani Kiazi, maana watu wa kule humpa mtoto jina la ovyo ili mizimu isimtamani.

*

Ikafika asubuhi ya tambiko kubwa la mwezi wa kumi. Bongsun alikuta fundi wa taji, binti mmoja aitwaye Miran, amepiga magoti nyuma ya ukumbi analipangusa kwa kitambaa. Upande wa ndani taji lilikuwa limeota nyuzi laini zilizokuwa zikijinyoosha na kujikunja zenyewe. Bongsun akainama kutazama.

"Hizi za nini?"

"Leo sitalivua, Mama Seokju," alisema Miran bila kuinua macho. "Kila nikilivua sauti inavunjika, na kuijenga upya ni kazi ya msimu mzima. Mgao wa maji wa majira ya kuchipua umekwisha, lango limefungwa, na Kijiji cha Chini wamekuja na majembe. Hawawezi kungoja msimu. Mzee Tak ameagiza nyuzi ziachwe ziote."

"Ziote wapi?"

"Kwenye mfupa. Zinaanza mlango ukifungwa. Ukimiminwa mvinyo wa mwisho zitakuwa zimeshika, na hapo hata mimi siwezi kulitoa."

"Na mtoto?"

Miran akaendelea kupangusa mahali palipokwisha kung'aa. "Kwa taratibu zetu pale hapana mtoto, pana Mwasisi ambaye..."

"Miran! Nakuuliza mtoto."

Binti akaweka kitambaa chini. "Atakuwepo, Mama Seokju. Ila hatakuwa na pa kukaa."

Bongsun alitoka mbio, aproni bado kiunoni, akamkuta shemeji yake Mzee Tak barazani anafungwa mkanda wa kanzu. Alikuwa na mafua, pua nyekundu, macho yanachuruzika.

"Shemeji, mtoto yule mnamuua."

"Nani anaua?" Mzee Tak akapenga kamasi. "Tazama kule chini, shemeji. Watazame."

Alitazama. Chini ya ngazi za ukumbi walikuwa watu wa Juu upande mmoja na wa Chini upande mwingine, na kati yao uwazi ambao hakuna aliyeukanyaga. Mbele ya watu wa Chini alisimama mkuu wao, Mzee Maeng, mrefu, mkavu, jembe begani siku ya tambiko. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Wajukuu wangu ndio wanaolinda lango wiki hii," alisema Mzee Tak polepole. "Wewe unajua ilivyo kuletewa mwanao maiti juu ya ubao wa mlango. Kati ya watu wote, wewe ndiye unayejua. Unataka mama mwingine aletewe? Mtaje basi, nikamwambie ajiandae."

Kilichomuuma Bongsun ni kwamba shemeji yake hakuwa mtu mbaya, na alikuwa akisema kweli.

*

Jikoni mtoto alikuwa amekaa karibu na moto, kavishwa hariri, anapiga visigino vyake kwenye gunia.

"Bibi, mbona umelia?"

"Moshi."

"Moto hautoi moshi leo."

"Nyamaza, Gamja."

Tangu aachishwe maziwa, mtoto yule alilishwa vyakula vya mezani kwa wafu tu: wali mweupe, samaki asiyetiwa kitu, supu nyeupe, peasi lililomenywa. Pilipili hakuijua. Kabichi iliyochachushwa kwa pilipili na saumu, ambayo kila mtoto wa Korea hulia njaa akiikosa, yeye hakupata kuilamba. Kisa? Mizimu huvikimbia vitu hivyo, hasa kitunguu saumu; ukikitia kwenye chakula cha tambiko umemfungia babu yako mlango. Na mtoto yule, kwa cheo, alikuwa babu.

Bongsun akapiga moyo konde. Akachukua kichwa kizima cha saumu, akakitupa kwenye makaa. Mawazo yake yalikuwa mepesi, ya mtu wa jikoni: mtoto akinuka saumu, Mzee Tak ataisikia harufu wakati wa kumvisha, tambiko litabatilika, litaahirishwa. Usiku mmoja tu wa nafasi ungemtosha kuvuka mlima akiwa amemshika mtoto mkono. Yatakayotokea langoni nyuma yake hakutaka kuyafikiri. Aliyafikiri hata hivyo, akaona aibu, na hakuacha kugeuza saumu.

"Unajua mama wa Mwasisi alikuwa nani?" aliuliza, akimenya.

"Dubu," alisema Gamja. Akacheka, kwa sababu aliona ni jambo la kuchekesha kuwa na mama dubu.

"Dubu aliyetaka kuwa mtu. Yeye na chui milia walimwomba mwana wa mbinguni, akawapa saumu na pakanga, majani machungu hayo, akawaambia kaeni pangoni gizani, mle hivi tu. Chui milia akashindwa, akatoka."

"Mimi ningetoka."

"Dubu alibaki. Akala, akala, manyoya yakamtoka, akawa mwanamke. Haya, fungua mdomo."

Alimtia punje ya kwanza. Macho ya mtoto yalijaa machozi, akapiga chafya, akashika ulimi kwa vidole viwili autazame kama unaungua. Kisha akasema, kwa mshangao wa mtu aliyedhulumiwa kwa muda mrefu, "Bibi! Mlikuwa mnakula hiki siku zote?"

"Siku zote."

"Niongeze."

Akamwongeza mpaka kikaisha. Mdomo wake ukang'aa mafuta na masizi, akamwuliza dubu alifanya nini alipokwisha kuwa mwanamke. Bongsun akamwambia alikwenda kuomba mtoto. Kabla hajamaliza, wakaja kumchukua.

*

Mzee Tak alimvisha mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Alimwinamia usoni, akamfunga kamba za kofia chini ya kidevu, na hakusikia chochote. Mafua! Bongsun, aliyesimama mlango wa nyuma na sinia la wali, alijua mpango wake umeharibika. Ubani nao ulikuwa unafuka mzito kiasi kwamba hata mwenye pua nzima asingejua. Miran ndiye aliyesikia. Alipolishusha taji aliinua macho, akamtazama Bongsun moja kwa moja, midomo ameibana. Halafu akalikaza taji, maana naye alikuwa na kaka zake langoni.

Kijiko kikachomekwa. Mlango ukafungwa. Watu wote wakageuka.

Safari hii hakukusikika kutafuna. Bongsun alitega masikio, akasikia ukimya tu, na ndani ya ukimya kitu kikinusa. Kilinusa kwa kina na polepole, kama mnyama mkubwa anayezunguka chumba akitafuta mlango. Vijana wawili wa Kijiji cha Juu walitazamana kisha wakatazama chini. Mzee Maeng alishusha jembe begani.

Mzee Tak akakohoa.

Kutoka ndani, kikohozi kikajibu.

Hilo halikuwahi kutokea. Mzee Tak akausukuma mlango, na harufu ya saumu ikatoka na kushuka ngazi, ikawafikia wote.

"Saumu!" alipiga kelele Mzee Maeng. "Mmemtilia saumu! Mmemfukuza Mwasisi makusudi ili tusipate hukumu!"

Uwazi kati ya vijiji viwili ukatoweka. Majembe yakainuliwa, mtu akasukumwa, mwanamke akaita jina la mwanawe. Bongsun akaona kwa macho yake kile alichokipika.

"Hakuna aliyenifukuza."

Sauti haikuwa kubwa, lakini kila mkono ulibaki ulipokuwa. Mtoto alikuwa amesimama juu ya kiti, mkono umeshika ukuta, pua juu.

"Mmeniita mara ngapi," ikasema, "na kila mara mmenilisha kama mgonjwa. Mama yangu alikula hiki gizani mpaka manyoya yakamtoka. Ni harufu ya ngozi yake. Ndiyo harufu ya kwanza niliyoijua. Nani amenipa?"

Wote walikuwa wamesahau, wazee na vitabu vyao, na Bongsun aliyeisimulia hadithi ile asubuhi hiyo hiyo kwa mdomo wake! Kwa mzimu mwingine wowote saumu ni mlango uliofungwa. Kwa huyu ilikuwa titi la mama. Alikuwa amekusudia kumzuia, kumbe amemvuta karibu kuliko taji lilivyopata kumvuta, na katika macho ya Gamja hakuona hata chembe ya Gamja. Uchungu ukamshinda.

"Ni mimi!" alipaza sauti. "Na sikukuita wewe! Nilitaka uondoke!"

Mzee Tak akaziba uso kwa mikono. Sauti ikasema, "Njoo."

Alipanda ngazi za mbele, ambazo wanawake, wenye kuingilia mlango wa nyuma, hawakuzipanda siku ya tambiko. Mtoto akamshika viganja, akavinusa, akavishikilia muda mrefu. Vidole vyake vilikuwa vya moto. Chini ya taji, ngozi ya kipaji ilikuwa inatembea, nyuzi zikitafuta njia.

"Mama yangu alipotoka pangoni aliomba. Aliomba nini?"

"Mtoto."

"Hakuomba mfalme. Hawa wote wanaomba mfalme, na wana haki, maana wanauana. Wewe unaomba nini?"

Bongsun aligeuka akawatazama. Aliwaona vijana wa Juu na vijana wa Chini, majembe hewani, jasho linawatoka kwenye baridi, na wengine hata ndevu hawajaota. Yeyote kati yao angeweza kulala juu ya ubao wa mlango kabla ya jua kutua. Alimfikiria Seokju. Alijua bei, asijidanganye mtu kwamba hakuijua.

"Naomba mtoto," alisema.

"Hawa wamezoea kuuliza. Nikiondoka watamwuliza nani?"

Bongsun alichomoa viganja vyake, akavinyoosha kuelekea taji.

"Watakuuliza wewe," ikasema sauti, ikasikika mpaka nyuma kabisa. "Umewanyang'anya babu."

Mvinyo wa mwisho ulikuwa haujamiminwa; Bongsun akalishika taji kwa mikono miwili, akalivuta. Nyuzi zilikatika moja moja, kwa mlio mdogo wa mshono unaofumuliwa, na damu ikamtiririka mtoto hadi kwenye nyusi. Sauti ilianza neno, haikulimaliza. Kisha Gamja akaangua kilio, kilio cha kawaida, kibaya, cha makamasi, akatapikia hariri ya Mwasisi na viatu vya Mzee Tak.

"Bibi," alisema akihema, "kichwa kinauma. Na mdomo unawaka."

Furaha aliyoisikia Bongsun ilikuwa kali kiasi cha kumtia hofu. Alimkumbatia, akamfuta damu kwa aproni, akamwita Kiazi mbele ya wote, wakisikia wasikie.

Alipoinua uso, walikuwa wanamtazama. Wote. Mzee Maeng alikuwa amepanda ngazi, anaburuta jembe lake. Alisimama karibu hata Bongsun aliona udongo mkavu kwenye makali.

"Mama Seokju," alisema kwa sauti iliyokauka. "Umesikia alivyosema. Watoto wetu wanalamba umande. Maji je?"

Watu wa Juu walianza kutulia, na mmoja wao alitabasamu. Huyu ni wao, ni mama wa marehemu. Atasema nini kingine? "Sema, shemeji," alinong'ona Mzee Tak.

Na Bongsun alikuwa na la kusema. Alilitunza tangu siku ya ubao wa mlango, alilala nalo, aliamka nalo: wanywe vumbi, wafe mmoja mmoja, na wa mwisho awe yule aliyelishika jembe. Alifungua kinywa aliseme. Mtoto alikuwa amejificha nyuma ya sketi yake, anachungulia, anamtazama mtu wa kwanza wa Kijiji cha Chini aliyepata kumwona akiwa na akili zake mwenyewe, na midomo ya mtu huyo iliyopasuka.

"Fungueni lango," alisema Bongsun. "Lote."

Ilikuwa sauti yake tu, ya bibi wa jikoni, imekwaruzika. Hakuna aliyesikia babu yake ndani yake, wala aliyeanguka kifudifudi. Machozi yalimtoka, akamlilia mwanawe mbele ya watu waliomuua, bila kujificha. Mzee Maeng alimtazama, jembe likamponyoka, akaanza kukunja magoti.

"Usinisujudie!" Bongsun alimfokea. "Mimi si mzimu. Kimbia ukafungue, kabla sijabadili nia!"